Kikantoni: silabi ya mwisho inapopanda

Rangi ya njano ni wong4. Kiini cha yai ni daan6 wong2. Herufi ya Kichina ni ileile, 黃, ila toni imetoka ya 4, inayoshuka chini, ikawa ya 2, inayoanzia chini na kupanda hadi juu. (Namba ni za toni, yaani jinsi sauti inavyopanda au kushuka, kwa Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kilatini uliotolewa Hong Kong mwaka 1993.)

Sasa tazama yai la kuku: gai1 daan2. Daan ikitangulia imebaki na toni ya 6. Ikikaa mwisho imepanda. Kwa hiyo anza kuchunguza silabi ya mwisho. Zinazopanda ni toni za 3, 4, 5 na 6, na karibu zote huishia ya 2. Chache huenda ya 1, kama aa3 ji1, mama mdogo, kutoka ji4.

Usitafute sababu kwenye toni jirani, kama unavyofanya katika Kimandarini. Badiliko ni la neno lenyewe, na mara nyingi hubeba maana: tong4 ni sukari, tong2 ni peremende, neoi5 ni -a kike, neoi2 ni binti. Bwana wa ukoo wa Can4, ukishamzoea, ni aa3 can2. Lakini usipandishe kila kitu: samaki wa dhahabu ni gam1 jyu2, ilhali papa hubaki saa1 jyu4. Ndiyo maana kamusini tafuta neno zima, si herufi moja moja. Ukiona 4-2, toni ya asili ni ya 4, ya kutamka ni ya 2.

Kosa letu Waswahili liko palepale panapouma. Tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuilegeza ya mwisho, hivyo daan2 inaporomoka na kusikika daan6. Itamke kwanza peke yake, kwa sauti ya “ee?” ya mtu ambaye hakusikia vizuri. Rudia mara kumi, kisha tanguliza gai1 bila kuikaza. Jirekodi kwa simu ukitamka neoi5 na neoi2: ya 5 hukomea katikati, ya 2 hufika juu. Zikilingana, bado hujapanda vya kutosha.

Mwisho jaribu siu1 aap2, bata wa kuchoma, kutoka aap3. Silabi inayofungwa na p, t au k ni fupi, basi anzia chini kabisa na upande mara moja, kabla midomo haijafunga.