Ulizeni Nauli Kwanza

Dada yangu anaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Mwanawe alizaliwa na miguu kifundo, nyayo zimegeukia ndani, na alipofikishwa hospitali ya CCBRT kule Msasani akaanza kufungwa plasta ya kubadilishwa kila wiki. Mama huyo akawa anaamka alfajiri, mtoto kifuani, plasta mbili zinaning'inia, anaunganisha daladala mpaka Msasani na kurudi. Wiki ya nne hakwenda. Mimi niko Hamburg, nikadhani amekwama kwenye gharama za matibabu. Nilipompigia akasema, "Kaka, nauli ndiyo imenishinda."

Tangu siku hiyo, ndugu zangu mlio nje, kila ninapotaka kusaidia mgonjwa au mtu mwenye ulemavu Dar es Salaam, swali langu la kwanza ni anafikaje na analala wapi. CCBRT wenyewe walilijua hili mapema. Wanawake wenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu, walikuwa hawafiki ingawa matibabu ni bure, na mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa ili mgonjwa aweze kupanda basi kutoka mkoani. Muhimbili nako, shirika la Tumaini la Maisha linalohudumia watoto wenye saratani halikuishia kwenye dawa. Linashughulikia pia malazi, kwa sababu matibabu ya saratani ni ya miezi, na mzazi aliyetoka mbali hana ndugu wa kumpokea mjini. Mchango wako ukienda kwenye nauli, chakula au kitanda cha mzazi, usione umetoa kidogo.

Sasa nije kwenye kontena la misaada, maana najua ndilo linalotuvutia. Umoja wetu wa Watanzania wa huku uliwahi kukusanya viti mwendo vilivyotumika hospitalini huku, vizuri, vinang'aa. Magurudumu ya mbele yalikuwa madogo kama ya toroli la dukani. Nilikiona kimoja Mbagala nilipokwenda likizo: kimezama mchangani hatua chache kutoka mlangoni, na kijana aliyepewa anabebwa na mdogo wake kama zamani. Kiti kinapaswa kupimwa kwa mwili wa mtu na kwa njia anayopita. Kikimbana au kikimpwaya, kinamletea vidonda. Fedha zile za meli zingetengeneza au kununua viti hapohapo nchini, ambako fundi yupo na kipuri kinapatikana.

Kama bado mnataka kutuma, anzeni na karatasi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa msamaha kwa vifaa vya watu wenye ulemavu, lakini msamaha huo huombwa, na nyaraka zikichelewa mzigo unalala bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda. Dawa msizitume kienyeji kabisa. Zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na zilizokaribia kuisha muda zinawaachia wapokeaji kazi ya kuziteketeza.

Mtalijuaje shirika la kweli? Mashirika mengi yamesajiliwa chini ya Sheria ya NGOs Na. 24 ya 2002, kwa Msajili aliye Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Ombeni nakala ya cheti na taarifa ya fedha ya mwaka uliopita. Ila msikimbilie kumwita mtu tapeli kwa sababu hayumo kwenye orodha hiyo: vyama vingine vimesajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani kama vyama vya kijamii, vingine ni bodi za wadhamini chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Muulizeni amesajiliwa wapi. Fedha zitumwe kwa akaunti au lipa namba yenye jina la shirika. Kwa familia moja moja, ofisa ustawi wa jamii wa kata na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanaijua hali ya nyumba ile kuliko sisi.

Msivisahau vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe. SHIVYAWATA ni shirikisho lao, na ndani yake mtakuta CHAVITA ya viziwi, TLB ya wasioona, chama cha wenye ualbino na vingine. Wanajua shule ipi inakosa karatasi za nukta nundu na nani anahitaji mkalimani wa lugha ya alama kliniki. Wengi wetu tuliondoka nyumbani zamani na maneno ya zamani. "Zeruzeru" linaumiza, acheni kabisa. Lakini viziwi wenyewe wamelichagua jina la kiziwi, wameliweka hata kwenye jina la chama chao. Msikilizeni mtu anavyojiita.

Na picha. Naomba sana tuache kurusha picha za watoto wagonjwa kwenye magrupu ya WhatsApp ili kuchangisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, mtoto yule atakua, na picha ile atakutana nayo. Sisi tunaeleza hali kwa maneno, bila jina, na michango inatosha.

Mpwa wangu alimaliza plasta. Sasa analala na viatu vyake maalum vilivyounganishwa kwa chuma katikati. Vinabadilishwa kadiri mguu unavyokua, na atavivaa usiku mpaka afikishe miaka 4 au 5. Umoja wetu ulikuwa unachanga mara moja, Desemba. Tangu mwaka jana tunatuma kila mwezi, kidogo kidogo, na nauli imetengewa fungu lake.