Kubangua korosho bila kubabuka mikono

Kama msimu huu umeamua kubangua nyumbani, fikiria mikono kabla ya faida. Ganda la korosho lina mafuta meusi mazito yenye asidi kali. Sokoni hapa Newala mbanguaji wa siku nyingi utamjua akipokea chenji: ncha za vidole nyeusi, ngozi imebanduka.

Korosho hukaangwa kwanza ndipo zibanguliwe. Zikaangie uani, si jikoni. Toboa bati, liweke juu ya mafiga, ukae upande unakotoka upepo, maana moshi wake unawasha macho na kubana kifua. Mtoto wa mgongoni mpe mtu akushikie. Koroga kwa mti mrefu, kwa sababu mafuta yakianza kuchuruzika hushika moto ghafla. Moto ukipanda usimwagie maji hata kidogo, yatakurushia mafuta mwilini. Pindua bati kwa mti, korosho zimwagike chini, uzifukie kwa mchanga. Mchanga unazima moto na unafyonza mafuta. Subiri zipoe kweli, si za kurusharusha mkononi.

Wakati wa kubangua weka majivu pembeni, uchovye vidole kila mara. Mafuta ya nazi au ya nyonyo nayo yanakinga. Glovu za mpira ni nzuri zaidi, ila iliyotoboka itupe: mafuta yakiingia ndani yanashinda na ngozi yako. Usijifute jasho usoni. Na nawa kwa sabuni kabla ya kwenda msalani. Wanaume waliowahi kubangua hapa hawahitaji maelezo.

Ukiguswa na mafuta tu, bila moto, yafute kwa kitambaa kikavu cha kutupa, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Maji matupu hayayatoi. Yakiruka jichoni, usisugue. Mimina maji safi kwa dakika 20, halafu nenda hospitali. Upele wenye muwasho unaweza kuchelewa ukatokea kesho yake au keshokutwa. Hiyo ni aleji. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, kwa hiyo anayevimba midomo kwa utomvu wa embe kazi hii amwachie mwenzake.

Ukiungua kwa moto, au kwa mafuta yenye moto, ushauri wa siku hizi ni maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu bado yanasaidia. Najua utasema, dakika 20 za maji Newala, ndoo yenyewe ya kununua? Ndoo moja inatosha. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Weka beseni safi chini ya mkono, mimina polepole kwa kopo, yaliyoangukia kwenye beseni yachote umimine tena. Yakipata uvuguvugu ongeza mengine. Kama ni mtoto, mwagia palipoungua tu, kwingine mfunike asishikwe na baridi.

Barafu hapana. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, mafuta ya kupikia, vyote hapana: vinabakiza joto ndani, na hospitali watalazimika kuvikwangua kwenye kidonda kibichi, jambo ambalo sikutakii. Malengelenge usiyatumbue. Funika kwa kipande cha khanga safi kilichopigwa pasi, bila kukaza.

Kiganja cha aliyeungua, pamoja na vidole, ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Kipimo hicho hata madaktari wanakitumia. Jeraha likizidi kiganja hicho, au likiwa usoni, mikononi, kwenye maungio kama goti na kiwiko, au sehemu za siri, usilale nalo nyumbani. Mtoto mdogo mpeleke hata kama ni dogo. Aliyevuta moshi akabaki anahema kwa shida naye aende. Ukifika, mwambie mhudumu kwamba ni mafuta ya ganda la korosho, asije akadhani ni uji au chai, na umuulize kuhusu sindano ya pepopunda.