Dawa za presha na kisukari kwa bei nafuu, Mwanza na visiwani

Bei ya dawa yako huamuliwa chumbani kwa daktari, kabla hujafika famasi. Mwombe aandike jina la dawa yenyewe, kama amlodipine, losartan au metformin. Akiandika jina la kibiashara peke yake, muuzaji atakutafutia boksi hilo hilo, na mara nyingi ndilo la bei ya juu. Jina la dawa yenyewe huwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa la boksi. Angalia pia herufi XR au SR. Hiyo ni dawa inayoachiwa taratibu mwilini, kwa kawaida ni ghali zaidi, na haikatwi wala kusagwa. Kama metformin ya kawaida haikusumbui tumbo ukiinywa na chakula, muulize daktari kama inatosha. Kidonge kimoja chenye dawa mbili nacho kilinganishe na bei ya kuzinunua mbalimbali.

Dukani usiulize "dawa ya presha bei gani?" Taja jina, miligramu na idadi, kisha ulizia bei ya kidonge kimoja katika maduka matatu. Idadi uijue tangu nyumbani: metformin ya miligramu 500, viwili asubuhi na viwili jioni, ni vidonge 120 kwa siku 30. Boksi la vidonge 28, ukinywa kimoja kwa siku, litakuachia siku mbili tupu kila mwezi, na hapo ndipo wengi huanza kurukaruka dozi. Presha haitakuambia kitu siku hizo, na huo ndio ubaya wake.

Asiye na uwezo aende ustawi wa jamii wa hospitali na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha. Ila msamaha hauleti dawa iliyoisha stoo, kwa hiyo ulizia dirishani kama ipo kabla hujamaliza asubuhi nzima kwenye foleni.

Mtu wa Ukerewe, Ukara au Kome aongeze akiba ya siku saba. Ziwa likichafuka, chombo hakitoki.

Insulini ina hesabu yake. Kichupa cha mililita 10 chenye yuniti 100 kwa mililita kina yuniti 1,000. Anayechoma 20 asubuhi na 10 jioni hutumia 840 kwa siku 28, na aina nyingi zikishafunguliwa hazizidi siku hizo. Zinazobaki zimwage, usizihurumie.

Pasipo friji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Kichupa kifunge kwenye mfuko mkavu, kitie chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi, kisha weka kivulini panapopita upepo. Ubaridi huo unatokana na maji kukauka, kwa hiyo msimu wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, chungu hupoza kidogo tu.

Mialoni kuna kishawishi cha kuichomeka insulini kwenye barafu ya sangara. Usifanye hivyo. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.