Kabla hujapandisha gari milimani: Taita mpaka Usambara, kwa sisi watu wa Mombasa

Shule zikikaribia kufungwa, jamaa huanza kunipigia simu: "Hebu nipe ile njia yenu ya milimani." Njia ni hii. Mombasa mpaka Voi, kama kilomita 150, kisha Mwatate, halafu unapanda Wundanyi kulala kwenye milima ya Taita. Baada ya siku moja au mbili unateremka, unashika barabara ya Taveta, unavuka mpaka Holili. Ukifika Himo unafuata barabara kuu ya kwenda Same, milima ya Pare ikiandamana nawe upande wa kushoto, hadi Mombo. Hapo unakata na kupanda kilomita 33 mpaka Lushoto, katikati ya milima ya Usambara. Kurudi ni Segera, Muheza, Tanga, Horohoro, Lungalunga, mpaka Likoni. Siku tano ni za mbio. Saba ndizo za kustarehe.

Njia naitoa, lakini masharti yake lazima uyasikie.

Anza na karatasi, wiki tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari. Pasipoti za wote, watoto wakiwemo. Kama unasafiri na watoto bila baba yao, chukua barua yake ya idhini. Cheti cha homa ya manjano kila mtu awe nacho; ukichanja mara moja kinatosha maisha. Logbuku ya gari iwe ya asili, na kama gari si lako, au benki bado inalidai, pata barua ya ruhusa. Bima ya Kenya pekee haikuvushi: unataka kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayokubalika ng'ambo ya mpaka, mwambie wakala wako wa bima akutolee. Ukifika Holili mwambie ofisa wa forodha tangu mwanzo kwamba utatokea Horohoro, ili kibali cha gari kiandikwe hivyo.

Mifuko ya plastiki usibebe. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Wengi wetu bado tuna ile ya zamani imekunjwa chini ya kiti, na pale mpakani ni usumbufu mtupu. Nguo za watoto tia kwenye vikapu au mabegi.

Na kwa kuwa nimetaja watoto: watatapika. Mtoto aliyezaliwa Bamburi hajui kona. Chukua ndoo ndogo yenye mfuniko, ndimu zilizokatwa, tangawizi ya kutafuna, na usimpe mtoto chai ya maziwa asubuhi ya kupanda. Viazi karai vile vile viache mpaka mfike juu.

Nguo za baridi. Leso si nguo ya baridi. Kilele cha Vuria pale Taita kina zaidi ya mita 2,200, na kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu huamka na watu na kulala na watu. Sweta, soksi, blanketi moja kwa kila watoto wawili.

Sasa breki. Hapa naomba usome polepole.

Sisi tunaoendesha Mombasa hatujui mteremko. Mlima wetu ni daraja la Nyali. Breki zetu hufanya kazi ya matuta, tuktuk na foleni ya Likoni, zinakanyagwa na kuachiwa, zinapoa. Kwa hiyo kabla ya safari yetu ya pili nilipeleka gari gereji, nikasema naenda milimani, nataka breki ziangaliwe. Wakabadilisha pedi za mbele, nikalipa, nikaambiwa breki ziko sawa. Nami nikaamini, kwa sababu kuzunguka mtaa mzima gari lilikuwa linasimama vizuri.

Kupanda Lushoto hakukuwa na tatizo. Tulikaa siku mbili, tukaenda Irente kutazama nyanda za chini, watoto wakala plamu mpaka midomo ikabadilika rangi. Siku ya tatu tukaanza kuteremka, mimi kwenye usukani, mamangu nyuma na wanangu watatu, gari la otomatiki, gia kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida. Kila kona nilikuwa na mguu kwenye breki. Sikukanyaga kwa nguvu, niliuweka tu, taratibu, nikidhani huo ndio uangalifu. Nilikwenda hivyo kilomita nyingi.

Mamangu ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu, mbona gari lanuka?" Nikamwambia ni lori lililo mbele. Haikuwa lori. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedali ikashuka. Haikugoma, haikutoa mlio, ilizama tu mpaka kwenye zulia, laini kama umekanyaga mto wa sufi. Gari halikupungua mwendo.

Nasema nilichofanya kwa sababu huenda ukakihitaji. Niliipampu pedali, mara nne, tano, haraka haraka, ikainuka kidogo na kushika kidogo. Nikaivuta gia kutoka D kwenda 2. Injini ikapiga kelele ambayo sijapata kuisikia, nayo ikaanza kulizuia gari. Mwendo ulipopungua nikashusha tena hadi L, gia ya chini kabisa. Handbreki nikaivuta kidogo kidogo, nimebana kitufe, kwa sababu ukiivuta yote kwa ghafla magurudumu ya nyuma yatateleza. Na gari nikalibana upande wa mlima, si upande wa bonde. Heri kukwaruza mlango. Nyuma mamangu alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na mwanangu mdogo akiifuatisha bila kujua kuna nini.

Tulisimama karibu na Soni, mahali palipotambarare kidogo ambapo akina mama huuza matunda. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Kijana mmoja, utingo wa lori lililokuwa limeegeshwa, alikuja mbio na jiwe mikononi, akaliweka mbele ya gurudumu kabla hata ya kunisalimia. Mimi tayari nilikuwa nimeshika galoni la maji. Akanizuia: "Dada, usimwage! Utapasua diski." Kisha dereva wake, mzee, akaja taratibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza swali moja tu:

"Umeteremka na gia gani, mwanangu?"

"D."

"Tangu Lushoto?"

"Tangu Lushoto."

Akatikisa kichwa. Akanieleza jambo ambalo kila dereva wa milima analijua: gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Kama ulipanda kwa gia ya pili, shuka kwa ya pili, injini ndiyo ilishikilie gari, breki iwe ya kusaidia tu. Na unapokanyaga, kanyaga sawasawa mpaka mwendo upungue, kisha achia ipumue. Usiuache mguu juu yake.

Tulikaa pale zaidi ya saa nzima mpaka pedali ikarudi kuwa ngumu, tukateremka kwa gia ya kwanza hadi Mombo, lori likiwa mbele yetu wakitusindikiza. Fundi wa Mombo alifungua kile kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akanionyesha. Mafuta mapya ya breki huwa meupe ya kuona ng'ambo au yana umanjano wa mbali. Yangu yalikuwa meusi, ungedhani ni kahawa kutoka kwenye dele.

Hapo ndipo nilipoelewa sehemu yetu sisi watu wa pwani. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya Mombasa ni unyevu mwaka mzima. Yale ya aina iitwayo DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka mpaka 155. Breki zikipata moto mteremkoni, mafuta yenye maji yanachemka ndani ya mabomba na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanasukuma pedi, mvuke unabonyea. Unakanyaga mvuke, pedi hazisukumwi. Ukipoa, kila kitu kinarudi kama kawaida, na gereji ya mjini haiwezi kuona kosa, kwa sababu mjini breki hazifiki kwenye joto lile.

Kwa hiyo usiseme gereji "angalia breki." Sema: "Badilisha mafuta ya breki yote, na uyatoe kwenye kila gurudumu." Simama hapo hapo uone ya zamani yakitoka kwenye mpira. Yatumie yenye namba ya DOT iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo, kutoka chupa inayofunguliwa mbele yako, si ile iliyobaki rafuni tangu mwezi uliopita. Kila miaka miwili, hata kama huendi kokote. Halafu, kabla hujaondoka Mombasa, jifunze gia za gari lako. Kama ni otomatiki, tafuta 2 na L ziko wapi, au S, au B kwa yale ya haibridi, na uzitumie mara mbili tatu ukiwa unashuka daraja, mkono uzoee.

Haya, yaliyobaki ni mepesi.

Spea iwe na upepo, jeki iwepo, na spana yake uijaribu kwenye nati zako nyumbani. Wanaofunga magurudumu kwa mashine hukaza kupita kiasi. Tia mafuta Voi hata kama tangi limebaki nusu, na tena Himo au Same. Maji ya kunywa lita ishirini. Shilingi za Tanzania kidogo mkononi kabla hujafika mjini, maana si kila muuza mahindi ana njia ya kupokea pesa za simu yako.

Ondokeni baada ya Alfajiri, na saa kumi na mbili jioni muwe mmefika. Kati ya Mwatate na Taveta barabara inapita eneo la Tsavo, na ndovu wakiamua kuvuka hawakupi ishara. Usiku humuoni mpaka taa zimegonga miguu yake. Akiwa barabarani usipige honi, simama mbali, subiri amalize. Barabara ya Voi nayo ina malori, na lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia huenda linakuruhusu upite, huenda linakuonya usipite, kwa hiyo usipite mpaka uone mwenyewe.

Tanzania vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, kuanzia kibao mpaka kibao. Shikilia hamsini hata kama basi linakupigia honi mgongoni.

Msiende wakati wa masika. Ikiwa mvua imenyesha siku mbili mfululizo juu, ulizeni wenyeji kama kuna maporomoko kabla ya kupanda, na muulizeni dereva wa matatu au wa daladala aliyeshuka asubuhi hiyo, si mtu wa hoteli. Ukungu ukifunga, washa taa za chini, si kali, na kama huoni kona inayofuata tafuta pa kuegesha. Usisimame kwenye kona kupiga picha. Ziwa Chala, lile la karibu na Taveta, litazameni kutoka juu, watoto wasiingie majini, kingo zake zimesimama wima. Mtu mmoja nyumbani awe na orodha ya mahali mtakapolala kila usiku, na mumpigie kila mkifika. Dawa za mamako za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari. Funguo ya pili ya gari ishikwe na mtu mwingine. Na mtungi wa gesi ufungwe kabla hamjatoka.