Kuomba Uzamili Marekani Ukiwa na Shahada ya Mitihani ya Krediti: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanaonijia kwa ushauri wa kuomba nafasi ya uzamili katika vyuo vya Marekani, wakiwa na shahada ya kwanza waliyoipata kwa kufanya mitihani ya krediti (ukifaulu unapewa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada) badala ya kuhudhuria mihadhara, karibu wote huanza kwa kuuliza iwapo shahada yao ni halali. Ni halali, mradi chuo kilichoitunuku kina ithibati, na jambo hilo huthibitishwa kwa dakika chache. Kazi hasa iko kwingine. Kamati ya udahili wa uzamili huamua kwa kutazama alama za masomo ya miaka ya mwisho, maandishi ya kitaaluma, na maneno ya wahadhiri waliomfundisha mwombaji. Na shahada ya mitihani, kwa jinsi inavyopatikana, huacha sehemu hizo zikiwa tupu au nusu tupu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzijaza. Ni vyema uusome kabla hujakamilisha krediti zako 120 za shahada, kwa kuwa baadhi ya hatua ni rahisi zaidi shahada ikiwa bado haijafungwa.

Hatua ya 1: Thibitisha ithibati, kisha isome transkripti yako kwa jicho la mgeni

Wengi wa waliopitia njia hii walihitimu katika kimojawapo cha vyuo vitatu: Excelsior, ambacho tangu mwaka 2022 kinaitwa Excelsior University, cha jimbo la New York, Thomas Edison State University cha Trenton, New Jersey, na Charter Oak State College cha Connecticut. Vyote vilianzishwa kati ya 1971 na 1973 kwa ajili ya watu wazima waliokuwa na maarifa bila cheti. Viwili vya kwanza vina ithibati ya kamisheni ya Middle States, na cha tatu kina ithibati yake kutoka kamisheni ya New England. Wizara ya Elimu ya Marekani iliondoa katika kanuni zake za mwaka 2020 ile tofauti ya zamani kati ya ithibati ya kikanda na ya kitaifa, lakini vyuo vingi bado huandika "ithibati ya kikanda" katika masharti ya kudahiliwa, kwa hiyo usishangae kukuta maneno hayo. Vyuo hivi vitatu vinayatimiza.

Agiza sasa nakala ya transkripti kwa ajili yako mwenyewe, uisome kama mtu asiyekujua. Mitihani ya CLEP, ambayo ni mitihani ya krediti ya College Board, husahihishwa kwa kipimo cha 20 hadi 80, na Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hupendekeza krediti zitolewe kwa anayefikia 50 katika mitihani iliyo mingi. Chuo kikishazipokea krediti hizo, kwa kawaida huandika tu kwamba zimepatikana, bila alama ya herufi. Aliyepata 50 na aliyepata 76 huonekana sawa. Mitihani ya Excelsior yenyewe, iliyojulikana kwa jina la UExcel, ilikuwa ikitoa A, B na C, hivyo mwenye transkripti ya wakati huo ana bahati kidogo. Wengine hujikuta GPA yao, yaani wastani wa alama zao, imekokotolewa kutokana na masomo mawili matatu waliyoyasoma chuoni kwa lazima, au nafasi ya GPA iko wazi kabisa.

Ikiwa ulifanya vizuri sana katika CLEP, unaweza kuagiza transkripti ya mitihani hiyo moja kwa moja kutoka College Board, ambayo huhifadhi matokeo kwa miaka 20, na kuiambatanisha. Fanya hivyo kama alama zako ni za juu na zinahusiana na fani unayoiomba. Alama ya 52 katika sosholojia haihitaji kupigiwa tarumbeta.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa kuangalia jinsi inavyosoma faili

Programu za uzamili za taaluma za kazi, kama vile utawala wa biashara, ualimu, utawala wa umma na teknolojia ya habari, hutazama uzoefu wa kazi kwa uzito mkubwa, na hizo ndizo zenye mlango mpana kwa mwombaji wa aina hii. Programu za utafiti zinazoelekea uzamivu ni ngumu zaidi, kwa kuwa profesa anatafuta mtu aliyewahi kufanya utafiti. Shule za sheria hupitisha transkripti kwa LSAC, chombo kinachokokotoa upya GPA kwa kutumia masomo yenye alama tu. Krediti za mitihani hazimwinui wala hazimshushi mwombaji, bali humwacha na msingi mwembamba. Kwa udaktari wa tiba, shule nyingi hazikubali CLEP katika biolojia na kemia, na zinataka masomo yenye maabara. Anayelenga huko ayasome darasani, hakuna njia ya mkato.

Kuna pia programu zinazodahili kwa kuangalia utakavyofanya katika masomo yao yenyewe. Harvard Extension School humtaka mwombaji wa uzamili asome kwanza kozi kadhaa zilizoteuliwa na kupata angalau B katika kila moja, na ufaulu huo ndio unaofungua udahili. University of Colorado Boulder ina shahada za uzamili, zikiwemo za sayansi ya data na sayansi ya kompyuta, zinazotolewa kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, ambamo mwanafunzi hudahiliwa kwa kufaulu kozi za mwanzo kwa wastani wa B, bila kudaiwa transkripti. Kwa maoni yangu, mtu ambaye shahada yake nzima ni mitihani anapaswa kuzifikiria programu za namna hii mwanzo kabisa, si baada ya kukataliwa kwingine.

Ukishapata orodha fupi, mwandikie barua pepe mratibu wa udahili wa kila programu. Hapa wengi hukosea swali. Ukiuliza "Je, mnakubali CLEP?", anayejibu atafungua sera ya chuo kuhusu wanafunzi wa shahada ya kwanza, na huenda akakujibu kwamba hawaikubali, nawe ukavunjika moyo bure. Chuo cha uzamili hakipokei krediti zako moja moja. Kinapokea shahada nzima iliyokwisha kutunukiwa. Uliza hivi: shahada kutoka chuo fulani chenye ithibati inatosheleza sharti la shahada ya kwanza? Mwombaji ambaye transkripti yake ina krediti nyingi zisizo na herufi, mnamtaka aoneshe nini badala ya GPA? Masomo tangulizi ya fani hii lazima yawe na alama? Hifadhi majibu, kwa kuwa watumishi hubadilika.

Kama una nia ya kurudi Tanzania au Kenya kufanya kazi, ongeza ukaguzi mmoja zaidi. Shahada za nje hutambuliwa na tume ya vyuo vikuu, TCU, kwa Tanzania na kamisheni ya elimu ya vyuo vikuu, CUE, kwa Kenya, na vyombo hivyo vinahitaji kuiona shahada ya kwanza pia, wala haviishii kwenye uzamili uliopata baadaye. Anayetaka uhadhiri Tanzania atakutana na masharti ya ajira yanayotaja GPA ya shahada ya kwanza, na transkripti isiyo na GPA itamletea maswali marefu. Waandikie mapema, kabla ya kulipa ada ya miaka miwili.

Hatua ya 3: Tafuta alama za herufi katika masomo ya ngazi ya juu

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo, na ndiyo ambayo watu huikwepa kwa sababu inagharimu fedha na inawarudisha darasani walikotaka kuepuka. Mitihani ya CLEP kwa sehemu kubwa inapima masomo ya miaka miwili ya mwanzo. DSST, mfululizo mwingine wa mitihani ya krediti, ina michache ya ngazi ya juu. Kamati inataka kuona ulivyofanya katika nadharia, mbinu za utafiti, takwimu na masomo ya ndani ya fani. Kama bado hujahitimu, acha krediti za mwisho zisiwe za mitihani. Soma angalau masomo manne ya ngazi ya juu yenye herufi, likiwemo la takwimu au la mbinu za utafiti, hata kama kuna mtihani wa bei nafuu ungeweza kuyafuta kwa Jumamosi moja. Vyuo vyenyewe hukulazimisha kusoma kwao mradi wa mwisho wa shahada. Usiuchukulie kama kikwazo cha kumaliziwa haraka: chagua mada inayoelekea kwenye uzamili unaoutaka, na uandike kama vile mtu wa kamati ndiye atakayeusoma, kwa sababu huenda ikawa kweli.

Aliyekwisha kuhitimu ana njia ya kusajiliwa kama mwanafunzi wa masomo mamoja mamoja, bila kuingizwa katika shahada. Vyuo vingi vya serikali vya Marekani huruhusu mwenye shahada ya kwanza kusoma kozi za uzamili kwa utaratibu huo, naye akija kudahiliwa, huhamishiwa idadi fulani ya krediti, ambayo mara nyingi ni kati ya 6 na 12. Soma kozi mbili katika idara ileile unayoiomba. Ukipata A au B hapo, mjadala kuhusu CLEP unakuwa umekwisha, kwa kuwa idara haina tena haja ya kubahatisha. Imeshakuona ukifanya kazi ya ngazi yake, na mhadhiri wake mmoja anakufahamu kwa jina. Angalizo ni kwamba ufadhili kwa wanafunzi wa namna hii ni mdogo sana. Panga kulipa mwenyewe, na usisome kozi nyingi kuliko zile zitakazohamishika.

Hatua ya 4: Tengeneza wadhamini wa kitaaluma kabla ya kuwahitaji

Programu nyingi hudai barua tatu za mapendekezo, na angalau moja au mbili zitoke kwa watu waliokufundisha. Mfanya mitihani hana mtu wa namna hiyo. Msimamizi wa kituo cha mtihani alikagua kitambulisho chako tu. Ndiyo maana kozi za hatua iliyotangulia zina faida maradufu. Katika kozi ya mtandaoni mhadhiri hatakukumbuka kwa sababu ulipata A, bali kwa sababu ulichangia mijadala, ulimwandikia swali lenye uzito kuhusu makala mliyosoma, ulirekebisha insha baada ya maoni yake. Anza hayo wiki ya kwanza.

Unapoomba barua, omba kwa adabu na mapema, angalau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, na umpelekee mhadhiri mambo yatakayomrahisishia: kazi uliyoiandika kwake pamoja na maoni yake, wasifu wako, rasimu ya insha yako, na orodha ya programu pamoja na tarehe zake. Barua ya tatu inaweza kutoka kwa mkuu wako kazini, ilimradi aeleze uchambuzi, uandishi au uongozi aliouona. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mchapakazi na unawahi kazini haisaidii. Shekhe, mchungaji au mwenyekiti wa jumuiya ya Waswahili mjini kwenu, kwa heshima zote wanazostahili, wasiandike barua hii.

Hatua ya 5: Fanya GRE au GMAT hata pale ambapo ni hiari

GRE na GMAT ni mitihani ya kuombea nafasi ya uzamili, GMAT hasa kwa masomo ya biashara. Tangu 2020 programu nyingi zimeifanya mitihani hii kuwa ya hiari. Kwa mwenye GPA nzuri, hiari ni ruhusa ya kupumzika. Kwako ni nafasi ya kutoa ushahidi. GRE tangu Septemba 2023 imefupishwa hadi chini ya saa mbili, kila sehemu kuu ina alama kati ya 130 na 170, na matokeo hutumika kwa miaka 5. Unaweza pia kuchagua matokeo ya mara ipi yapelekwe, kwa hiyo siku mbaya haikufungi. Mtu aliyefaulu mitihani ishirini ya krediti ana kipaji cha mitihani, akitumie. Ikiwa programu imetamka kwamba haipokei alama za GRE kabisa, usizitume.

Hatua ya 6: Eleza njia yako kwa aya moja, kisha endelea

Katika insha ya kujieleza, usifiche na usitetee. Aya moja inatosha: ulikuwa na kazi na familia, ulichagua chuo kinachopima maarifa kwa mitihani, uliifanya kwa muda fulani, na baadaye ukasoma kozi hizi na hizi ukapata alama hizi. Usijisifu kwamba ulimaliza shahada kwa miezi michache. Kwa profesa aliyetumia miaka kufundisha somo hilohilo, kasi hiyo husikika kama dharau. Sehemu iliyobaki, ambayo ni takribani insha nzima, ihusu swali la kitaaluma linalokushughulisha, ulilolisoma kuhusu swali hilo, na kwa nini idara ile ndiyo mahali pa kulifuatilia. Sampuli ya maandishi ikiombwa, toa mradi wako wa mwisho uliosahihishwa upya.

Hatua ya 7: Jaza fomu bila kuacha pengo

Fomu za mtandaoni hudai GPA hata kwa asiyekuwa nayo. Usibuni namba, fuata maelekezo ya fomu, au muulize mratibu, na uandike ufafanuzi katika nafasi ya maelezo ya ziada. Tuma transkripti za kila chuo ulichowahi kusajiliwa, pamoja na kile cha Dar es Salaam au Mombasa ulikoacha mwaka wa pili, kwa kuwa kuficha chuo ni sababu ya kufutiwa udahili. Chunguza pia msamaha wa mtihani wa Kiingereza. Baadhi ya vyuo huutoa kwa aliyesoma miaka kadhaa darasani katika nchi inayotumia Kiingereza, wala havitazami tu nchi iliyotoa cheti, na mwenye shahada ya mitihani huenda akatakiwa kufanya TOEFL.

Hatua ya 8: Soma barua ya udahili wa masharti neno kwa neno

Waombaji wa njia hii mara nyingi hupewa udahili wa masharti, na hilo si tusi. Sharti la kawaida ni kudumisha B katika kozi chache za mwanzo. Kabla ya kukubali, uliza kwa maandishi mambo mawili: iwapo mwanafunzi wa masharti anaweza kupata kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti katika muhula wa kwanza, kwa kuwa idara nyingine huzitoa kwa waliodahiliwa kikamilifu tu; na ni nani hasa atakayeondoa masharti hayo na lini. Muhula huo wa kwanza jiandikishe kozi mbili, si nne, hata kama ratiba inaruhusu.