Taa za LED kwenye pikipiki zisiungue

Wengi wanaziunga LED moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, zinawaka fresh siku mbili tatu halafu kwishnei. LED yenyewe haijui kujizuia, ukizidisha volti kidogo tu umeme unaoingia unapanda sana, inachemka inakufa.

Sasa fanya hivi. LED ndogo nyeupe inakula kama volti 3.2 na miliampia 20, unga tatu kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata) inakuwa volti 9.6. Usipige hesabu kwa 12 jamani, injini ikiwaka chaji inafika hata 14.4, hapo ndo zinapoungulia. Toa 9.6 kwenye 14.4 unabaki na 4.8, gawanya kwa 0.02 (ndo zile miliampia 20 kwa ampia) unapata omu 240, we chukua rizista, kile kidude cha kubana umeme kinachopimwa kwa omu, ya 270 (mistari yake ya rangi ni nyekundu, zambarau, kahawia), ya robo wati inatosha kabisa. Kila mstari wa LED tatu uwe na rizista yake, usichangie moja kwa mistari yote.

Fyuzi nayo weka, ampia 1, karibu na chanya ya betri, ila hiyo inalinda waya usishike moto, LED haiiokoi.