Kutengeneza Swichi ya Stata Katika Gari la Kizamani

Gari la kizamani linapokataa kupiga stata, swichi ndiyo hulaumiwa kwanza, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye betri au kwenye waya wa ethi, yaani ule unaounganisha betri na bodi na injini. Kabla ya kufungua dashibodi, pima betri kwa multimita: betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imetulia, na ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga stata, ishughulikie hiyo kwanza. Safisha pia vichwa vya betri na mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 hutumia volti 6, kwa hiyo usomaji wake utakuwa nusu ya huo.

Betri ikiwa nzima, weka gia huru, vuta breki ya mkono, na ukate umeme wa koili ya plagi ili injini isiwake. Mwombe mtu ageuze ufunguo huku ukipima umeme kwenye terminali ndogo ya solenoidi, kifaa kinachounganisha umeme mkubwa wa betri na mota ya stata. Ukifika karibu sawa na wa betri, swichi haina kosa. Tafuta kwenye solenoidi au mota. Usipofika, gusa kwa multimita terminali ya swichi inayoingiza umeme na ile inayoutoa kwenda stata, ufunguo ukiwa bado umegeuzwa. Swichi nzima huonyesha karibu sifuri. Ikizidi nusu volti, vigusio vyake, yaani vipande vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme, vimeungua au vina kutu. Kwenye gari la gia otomatiki, jaribu pia kupiga stata katika N (gia huru), kwani swichi ya usalama ya gia huchakaa na kuleta dalili zilezile.

Kabla ya kugusa nyaya, ondoa waya wa betri ulioungwa kwenye bodi, kisha piga picha ya mpangilio ulivyo. Swichi nyingi za ufunguo zina sehemu ya umeme inayofunguka kwa nyuma, nayo inaweza kubadilishwa peke yake, ukabaki na kitasa na ufunguo wa asili. Swichi ya kukanyaga kwa mguu, ambayo hupitisha umeme wote wa mota, ina vigusio vinene vya shaba vinavyosafishwa kwa msasa laini. Usitumie steliwaya, kwa sababu vipande vyake huleta shoti.

Solenoidi huvuta ampea nyingi mno kwa swichi nyembamba ya ufunguo, na hiyo ndiyo sababu kuu ya vigusio kuungua. Ninapendekeza kwa dhati rilei, swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme: waya wa swichi uende kwenye terminali yake namba 86, ethi 85, umeme wa betri kupitia fyuzi 30, na solenoidi 87. Rilei hufichika kwa urahisi, na swichi ya asili hudumu.

Ukimaliza, hakikisha ufunguo unarudi wenyewe kwa springi ukiuachia. Ukikwama, stata itaendelea kuzungushwa na injini hadi iharibike.